Vazi la Kupigia Mbizi

Kananu alishika mavazi mawili ya kupigia mbizi, moja kubwa na jingine dogo, kwenye kibanda cha mitumba, Makutano. Kesho angeanza mafunzo ya uokoaji katika bwawa la Kiambere, na mwalimu alikuwa ameonya: atakayevaa vazi linalopwaya ataingiwa na maji baridi, na atarudishwa nyumbani.

Hata hivyo, mkono ulienda kwa lile kubwa. Marehemu mama yake hakuwahi kumnunulia sweta ya shule isiyofika magotini. "Utakua, utaijaza," alikuwa akisema, huku akimkunjia mikono ya sweta mara tatu.

"Beba hiyo kubwa, uvalie sweta ndani," muuzaji, mama wa makamo, alimshauri.

Kananu alicheka, akajipenyeza ndani ya lile dogo. Muuzaji alimpandishia zipu mgongoni, polepole, hadi shingoni.

"Mbona unalia? Imekufinya?"

"Hapana, mama. Imenitosha."