Ujuzi wa Mzee Mghenyi

Siku hizi mtumishi wa umma akistaafu huikabidhi Hazina, mashine ya serikali, ujuzi wake wote, na ujuzi huo humtoka kichwani. Mzee Mghenyi, fundi wa maji mjini Singida kwa miaka thelathini na mmoja, alikabidhi kwa hiari. Alisema hataki mji ushikwe na kiu kwa sababu yeye hayupo.

Mwezi mmoja baadaye bomba la jikoni kwake lilipasuka. Mkewe, Salome, alimkuta amesimama majini, ameduwaa na spana mkononi.

"Mama Neema, hii inafungiwa wapi?"

Salome akapiga simu idara ya maji. Hazina ikapokea.

"Koki yenu haimo kwenye ramani yoyote, mama. Chimba shubiri mbili chini ya jiwe la kufulia. Ni kaidi, izungushe taratibu."

Akachimba, akaikuta. Maji yakakatika. Kumbe hata yale ambayo mumewe hakuwahi kuyaandika popote yalikuwa salama, na mji mzima ungeweza kuyauliza!

"Ahsante sana," alisema.

"Usijali, Chiriku. Mgongo wako lakini, usiiname sana."

Jina hilo Mghenyi alimpa Salome wakati wa uchumba wao, na hakuna mwingine aliyelijua. Alimgeukia mumewe polepole.

"Baba Neema, Chiriku ni nani?"

Mzee Mghenyi alifikiri kwa bidii, kama mtu asiyetaka kumkwaza mgeni.

"Anakaa mtaa huu?"