Funda la Kwanza

Tangu Shomari arudishwe nyumbani kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili, hakutia kitu kinywani kabla mama yake hajakionja. Alikuwa na hakika kwamba anatiliwa sumu. Basi kila asubuhi Bi Sikudhani alisaga vidonge kwa mgongo wa kijiko, akavikoroga kwenye uji, akanywa funda mbele ya mwanawe.

"Umeona? Mimi mzima."

"Ongeza," Shomari humwambia, na mama huongeza, mpaka kikombe kinabaki nusu.

Wiki ya tatu nesi Tausi alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alimkuta mama ameegemea ukuta, ulimi mzito, udenda unamtoka. Shomari alikuwa amechuchumaa kando yake, akibishana na watu wasioonekana.

"Dawa anakunywa, mama?"

"Anakunywa, mwanangu. Tunakunywa wote."

Nesi alikitazama kile kikombe cha uji, akaelewa. "Mama, hizi dawa zitakuua!"

"Nisipokunywa mimi, yeye hanywi. Niambie basi, nifanyeje?"



Bi Sikudhani akanyoosha mkono kuchukua kikombe. Mkono ulitetemeka, uji kidogo ukammwagikia mapajani. Shomari akanyamaza ghafla. Akakishika kikombe, akanywa funda moja, akatulia kidogo kama anayelisikiliza tumbo lake. Kisha akakipeleka taratibu mdomoni mwa mama yake.

"Kunywa, mama. Umeona? Mimi mzima."