Mstari wa Njano

Mujukuu wangu Chouchou, mwanafunzi wa chuo, aliwasha injini yake ya kusukuma vyombo vya angani ndani ya chupa kubwa ya mdomo mpana, iliyonyonywa hewa. Wavuvi wa Kashikishi nilikwisha kuwaambia imefika mwezini mara mbili.

Akapima rangi za mwali wa injini. Mstari wa njano ukafunika zote.

« Nkambo, njano hii ni chumvi. Ulisema umeosha chupa! »

« Na sabuni ya Bulaya. »

« Mashine haiko mvuvi wa kudanganya. Kesho walimu wataikatala. »

Chini ya chupa, ndani ya chumvi iliyoganda, kulikuwa alama ya kidole. Marehemu mke wangu alikuwa akichota humo chumvi ya samaki. Tulimzika Januari.

Nikamsogezea Chouchou ndoo ya maji.

« Osha wewe, » nikasema.