Ng'ombe Mmoja Tu

Asubuhi Anaeli alipofariki, majirani walichemsha chai ya msiba kwenye jiko lake la gesi. Mumewe, Eliufoo, alikuwa amekaa kwenye kigoda akilia. Lakini mgeni mmoja kutoka Moshi mjini alipouliza, "Hii gesi mnainunua wapi?" Eliufoo alifuta kamasi, akasimama.

"Hatununui. Ni samadi ya ng'ombe mmoja tu."

Alimpeleka mpaka nyuma ya banda kumwonyesha bomba. Aibu ilimjia baadaye. Hata siku ya kufiwa!

Nguzo za umeme zilikomea chini, kanisani. Huku juu kulikuwa na nyumba kumi na mbili, kila moja na ng'ombe wake mmoja bandani, na watu walipikia kuni. Miaka tisa iliyopita Eliufoo alijenga mtambo wa gesi, akawa mtu wa kutembelewa. Wageni walipouliza, "Kweli, ng'ombe mmoja?" aliinua kidole kimoja juu kama mhubiri. Anaeli alikohoa kidogo, akaenda kuangalia sufuria ya mtori.

Kulisha mtambo ilikuwa kazi ya Anaeli, alfajiri, mumewe akikoroma. Eliufoo alijiona fundi, na kinyesi aliona si kazi ya fundi. Alipoamka aliwakuta wanawake wa jirani wakiondoka na ndoo kichwani, zimejaa tope la mbolea lililotoka mtamboni, la kuweka migombani kwao.

"Chukueni, chukueni!" aliwaambia kutoka dirishani. Aliamini analisha migomba ya kitongoji kizima.

Siku ya tano baada ya maziko, moto wa gesi ulizimika.

Binti yao, Elinipendo, alikuwa ameshaondoka kurudi kazini Dodoma. Aliacha sharti. "Baba, nakuja mwisho wa mwezi. Nikikuta huwezi kujipikia hata chai, tunaondoka wote." Eliufoo aliapa kwamba angeikuta inachemka. Kuondoka kulikuwa ni kumwacha Anaeli peke yake migombani, udongo wa kaburi haujakauka.

Basi akaanza kulisha mtambo mwenyewe. Alikusanya kila kilichodondoshwa na ng'ombe. Alibadilisha bomba. Alilaza sikio juu ya mtambo kama daktari. Siku moja ulitokea moto wa bluu, mdogo kama punje ya mahindi. Kesho yake ilikuwa harufu tu. Alimtukana ng'ombe, kisha akamwomba radhi.

Kuni, baada ya miaka tisa ya kujisifu, hakuzigusa; majani ya chai aliyaloweka kwenye maji baridi, akanywa akiwa amefunga mlango asionekane.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba wanawake hawakuja tena. Miaka tisa amewapa mbolea, na sasa wamemtupa! Wiki moja kabla ya binti kurudi, alimkuta Martha, jirani yake, njiani amebeba majani ya ng'ombe.

"Shemeji, mbona hamji tena na ndoo zenu? Au mlikuwa mnampenda Anaeli peke yake?"

Martha alitazama chini. "Tuliogopa kukusumbua, shemeji. Wewe saa zile huwa umelala."

"Siku hizi silali."

"Na marehemu mwenyewe alituambia tusikusumbue kabisa."

"Mnisumbue! Hivi mnadhani mimi ni mchoyo?"

Martha akauma midomo, kama mtu anayezuia kicheko kwenye ibada. "Hapana, shemeji. Kesho tutakuja."

Kesho yake kulipopambazuka, Eliufoo alikuwa bandani, kinyesi mpaka kwenye viwiko. Alisikia sauti zao zikipanda njiani. Alinawa haraka, akavaa koti la kanisani, akasimama kando ya mtambo na maneno machache ya ukarimu mdomoni.

Wanawake kumi na mmoja waliingia uani mmoja mmoja, ndoo kichwani. Walitembea polepole, shingo zimekakamaa.

Martha alitua ndoo yake mbele ya Eliufoo. Ilikuwa imejaa samadi mpaka juu.

"Tumwage palepale pa siku zote?" aliuliza.

Mwisho wa mwezi Elinipendo alikunywa chai ya moto, akarudi Dodoma peke yake. Siku hizi Eliufoo huamka saa kumi na moja kupokea ndoo, na mgeni akimuuliza ni ng'ombe wangapi, hujibu kumi na wawili.