Mbu wa Chumbani kwa Senuja

Mzee aliingia maabara bila kubisha, nguo nyeupe za msiba mwilini, chupa ya jamu mkononi. Ndani ya chupa mbu walikuwa wakizunguka.

"Nimewakamata kwa chujio la chai," alisema. "Chumbani kwa Senuja."

Harshani alivua glavu. Macho yalimwasha kwa kukosa usingizi. Alimjua mzee huyu: Piyaratne, mwenyekiti wa usafi wa mtaa mmoja pembezoni mwa Kolombo. Wiki ile mjukuu wake, Senuja, alikuwa amezikwa kwa homa ya dengi. Na ni kwenye kuta za mtaa huohuo mradi wa kina Harshani ulitundika makopo ya mayai ya mbu wenye bakteria wa kuzuia dengi, wazaane na mbu wa pale mpaka wote wawe nao.

"Kama hawa wana bakteria wenu, niambie. Kama hawana, niambie pia. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, binti."

"Majibu hupita kwa mkubwa wangu kwanza, babu."

"Mkubwa wako hajafiwa."

Harshani akaahidi.

Aliwagandisha mbu, akawasaga mmoja mmoja, akatoa vinasaba vyao na kuiachia mashine ivinakili. Jioni akatazama picha ya majibu. Mstari wa vinasaba vya mbu uling'aa kwa kila mmoja. Mstari wa bakteria haukuwepo. Alirudia kazi yote, mgongo ukimuuma. Haukuwepo.

Mkubwa wake aliitazama ile picha, akaigeuza kifudifudi mezani.

"Ukimpa hii, kesho yuko kwenye televisheni. Mradi umekwisha. Na kibarua chako pia."

"Nilimwahidi, Daktari."

Alimkuta Piyaratne amekaa peke yake barazani, bendera nyeupe za msiba zikining'inia juu ya njia.

"Hawana, babu. Hata mmoja. Tumeshindwa. Tusamehe."

Akainamisha kichwa, akingoja matusi. Mzee alimshika mkono, akamketisha.

"Hamkushindwa," alisema taratibu. "Makopo yenu yalikuwa na maji. Miaka yote nimewahubiria watu wa hapa kwamba maji yaliyotuama huua watoto. Basi kila alfajiri nilipita nyumba hadi nyumba, nikayamwaga."