Cheo cha Marehemu Lwitiko

Enzi hizo sauti ya askari aliyefariki ilibaki nyumbani kwake, ndani ya kisanduku, ikiongea na kukumbuka kama alivyokuwa mwenyewe. Lakini hiyo ilikuwa haki ya makapteni na walio chini yao. Sauti za mameja na waliowazidi zilikuwa mali ya jeshi.

Kapteni Lwitiko alikaa ndani ya kisanduku chake juu ya kabati la jikoni, mjini Tukuyu, akipiga soga na mkewe Tusekile wakati mke huyo akimenya ndizi.

"Mama Ipyana, umeja wangu ulicheleweshwa," alilalamika kila asubuhi. "Ulinifika nikiwa tayari kaburini. Nenda ukanidaie tarehe yangu ya haki."

Tusekile aliijua sheria, ila hakumwambia. Alimpiga chenga kwa muda mrefu, mpaka moyo ukamsuta kumnyima mumewe heshima aliyoitolea uhai. Akaenda kukata rufaa, na wakubwa wakakubali: Lwitiko alikufa akiwa meja.

Askari wawili walifika mchana, wakapiga saluti mbele ya kabati. "Afande Meja, tumekuja kukuchukua."

Tusekile alijifuta mikono kwenye kanga. "Nisamehe, Baba Ipyana. Nilijua watakuchukua, nikashindwa kukuambia."

"Hata mimi nilijua," sauti ikasema kwa upole. "Tangu siku ile ya kwanza nilipokuomba."

Walipoondoka naye, Tusekile alibaki amesimama mlangoni, akitamani laiti angalimdanganya kwamba amekata rufaa ikakataliwa.