Geti la Mzee Barakoa

Fundi wa cherehani alinyoosha mkono kumsalimu jirani yake, na jirani akaruka nyuma kama aliyeona nyoka.

"Tusalimiane kwa mdomo tu, mama," alisema kupitia kitambaa kilichomziba pua na mdomo. Akaingia kwake, akavuta geti. Kufuli jipya likalia ka!

Zamani mtaa ulimwita Mfuga Nguruwe. Siku hizi alikuwa Mzee Barakoa, maana hakuonekana bila barakoa hata jua likiwa la utosini. Geti lake, lililokuwa likishinda wazi, sasa lilifungwa kutwa. Mlangoni aliweka beseni la dawa, akawa anachovya mabuti humo kila anapoingia. Hata shemeji yake, aliyewalisha wale nguruwe miaka yote, alirudishwa nyumbani siku alipoanza kupiga chafya. Wala hakuambiwa sababu.

Na mtaa mzima ulikuwa ukikohoa.

Nyumbani kwa fundi, aliyetangulia kuugua ni mama mkwe: homa, viungo kuuma, kifua kikikoroma kama cherehani iliyokosa mafuta. Akafuata mume. Fundi mwenyewe alijikaza, akashona huku pua inamchuruzika, maana shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na wazazi walitaka sare zao.

"Ni wale nguruwe," alimwambia mumewe. "Mtu hafungi geti hivihivi. Kuna kitu kinaoza mle ndani."

"Umemwona nguruwe mgonjwa?"

"Nitamwonaje na geti limefungwa?"

Mume akajigeuza, akaupa ukuta uso. "Basi huo si ushahidi, mke wangu. Huo ni umbea."

Neno hilo lilimkaa fundi kooni kama mfupa.

Mchana mmoja alimwona Mzee Barakoa akitoka na mkokoteni kufuata pumba. Akatua mkasi, akazunguka nyuma ya ua, pale mabati yalipoachana, akajipenyeza. Simu alikuwa nayo mkononi, tayari kupiga picha za mizoga.

Hakukuta mzoga hata mmoja. Alikuta sakafu iliyosuguliwa, maji safi, na nguruwe wanene waliolala ubavu kwa ubavu, hawana habari na mtu. Hilo ndilo lililomzidishia shaka. Hawa ni wa kuonyeshea wageni, alijiambia. Wagonjwa kawaficha wapi?

Akasogea hadi chumba cha mwisho. Humo alikuwamo jike peke yake na watoto wake.

"Haya, mmetengwa kwa nini ninyi?" aliwanong'oneza.

Alipiga magoti, akamnyanyua mtoto mmoja, akamsogeza usoni apate kumkagua macho na pua. Kikohozi kikambana. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, mtoto bado yumo mikononi, anamnusanusa mashavu. Akamshusha, akamshika mwingine. Naye hakuwa na kasoro.

"Umewagusa?"

Mzee Barakoa alikuwa amesimama mlangoni. Fundi alitegemea matusi, pengine hata fimbo. Alichokiona machoni mwa mzee kilikuwa hofu tupu.

"Mama, niambie kweli. Umewagusa?"

"Nikiwagusa kuna nini? Kama ni wazima, unaogopa nini?"

"Toka," alisema mzee, na sauti ilimtetemeka. "Nakuomba, toka."

Fundi alitoka kichwa juu. Jibu lake alikuwa amelipata. Mtu asiye na lake jambo angefoka, angeita watu. Huyu alikuwa anatetemeka kama mwizi.

"Hofu ile ingetosha hata mahakamani," aliwaambia wanawake waliokuja kupimwa nguo. Habari ikaenea mtaani. Akapiga simu ofisi ya mifugo, akaeleza yote. Wakamjibu kwa upole kwamba daktari angepita huko, kama kawaida yake. Fundi akakata simu kwa hasira. Kama kawaida! Watu wanaugua, wao wanasema kama kawaida!

Daktari wa mifugo alipokuja, alikuta banda limebadilika. Nguruwe walikuwa wamelala hoi, wanakohoa kikohozi kikavu kama cha binadamu. Wale watoto wa chumba cha mwisho hawakuwa na nguvu hata ya kunyonya. Alichukua vipimo akaondoka, na aliporudi na majibu mtaa wote ulikuwa umejaa getini.

"Ni kirusi cha mafua," alisema daktari. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya kuchoka. "Hakuna nguruwe atakayetoka hapa, na asiingie mtu. Kirusi kikikaa ndani ya nguruwe kinaweza kugeuka. Kikiwarudia watu kikiwa kimegeuka, sijui kama miili yenu itakiweza."

"Si niliwaambia?" Fundi alijipenyeza hadi mbele, kidole kimemwelekea mzee. "Si nilisema? Mama mkwe wangu yuko kitandani kwa ajili ya huyu! Muulizeni kafunga geti kwa nini! Muulizeni!"

Watu wakanguruma. Mtu mmoja akaokota jiwe.

Mzee Barakoa alimtazama fundi mara moja tu, kisha akainamisha kichwa. Hakumtaja mtu.

Daktari ndiye aliyejibu.

"Geti nililifungisha mimi, mama. Mtaa huu ulipoanza kukohoa niliwapima nguruwe hawa wote, walikuwa wazima. Nikamwambia mzee, bila kutangaza akawatia watu hofu, asimruhusu mtu yeyote kuwakaribia, mafua yenu yasije yakawafikia."